Eda ya Abu Hamour

Mume wangu akirudi kazini alikuwa haulizi chakula. Anavua viatu mlangoni, anakaa ukingoni mwa kitanda, anajifuta uso kwa kiganja, halafu ananiuliza: "Mke wangu, leo asubuhi nilipokuwa natoka, nilisema neno lolote?"

"Neno gani?"

"Unalijua."

Nalijua. Neno la talaka. Na mimi nimesimama na mwiko mkononi, jasho linanitiririka katika kile chumba chetu cha mtaa wa Najma kilichokatwa kwa mbao kutoka sebule ya watu, namjibu: "Hujasema." Anashusha pumzi, anasema alhamdulillah, anaanza kula. Kabla sahani haijafika nusu anarudisha tonge. "Una hakika?" Nina hakika. "Wallahi?" Wallahi. "Huenda nilisema chini chini hukusikia?" Hapo ndipo damu inanipanda. Mimi si mtu wa subira; mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa na pilipili mdomoni. Lakini kwa yule bwana nilijilazimisha, kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu akiniuliza uso wake ulikuwa wa mtu anayeulizia maiti hospitali. Basi najibu tena, na tena, mpaka wali unapoa.

Tulikuja Doha kila mtu kwa viza yake, yeye wa Pangani, mimi wa Tanga mjini, ndoa yetu ikiwa haijamaliza hata mwaka. Ilikuwa miaka ile mji mzima ukichimbwa kwa ajili ya treni ya chini ya ardhi. Yeye aliendesha basi la kampuni linalowapeleka mafundi kwenye majengo. Mimi nilikuwa hotelini, upande wa dobi, nakunja mashuka kutwa. Alikuwa mtu wa dini tangu udogo, amesoma madrasa mpaka vitabu vikubwa, Kiarabu anakijua. Alikuwa pia mtu wa utani, na hilo ndilo nililompendea.

Ilianza kwa utani huohuo. Asubuhi moja nimechelewa, nahangaika kukitafuta kitambulisho changu cha kazi, yeye ananicheka kitandani: "Nenda zako bwana, mwanamke mzito wewe!" Nikamrushia mto, nikatoka. Jioni narudi namkuta amekaa palepale, hajaenda kazini, hajawasha hata kiyoyozi.

"Nilikuambia nenda zako," alisema.

"Uliniambia. Kwani?"

Akanieleza kama mwalimu anayemweleza mtoto. Kuna maneno ya talaka yaliyo wazi, na kuna ya kufumba, kama vile kumwambia mke nenda, au toka, au rudi kwenu. Haya ya kufumba hutegemea nia. Ukiwa na nia ya kuacha, umeacha.

"Sasa nia yako ilikuwa nini kama si kunitania?"

"Wewe utajuaje nia yangu?" alisema. "Mimi mwenyewe siijui."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha mwingine. Hakucheka, na kuanzia siku ile yale maneno akayafunga mdomoni. Haniambii nenda, haniambii toka, haniambii basi yaishe. Nikiondoka kwenda kazini ananyanyua mkono tu, midomo ameibana mpaka imekuwa myeupe.

Akaanza kuwafuata masheikh. Aliwapigia wa nyumbani, akawangoja wa huku baada ya sala, na jibu la wote lilikuwa moja: mtu mwenye wasiwasi talaka yake haipiti, mpaka aitamke kwa makusudi, akili yake ikiwa timamu. Alikuwa anatoka msikitini anatabasamu. Akifika kona ya pili anakumbuka kwamba hakumweleza sheikh jambo fulani, pengine lile jambo lingebadilisha hukumu, na hapo hapo anageuza. Imamu mmoja, masikini ya Mungu, alifikia kutokea mlango wa nyuma.

Katika ile nyumba alikuwapo mzee mmoja wa Mombasa, mlinzi wa jengo, ndiye aliyekuwa akitusalisha, nasi tukimwita Ustadhi. Akaona mateso ya mwenzake akamhurumia, na huruma yake ndiyo iliyotumaliza. "Mwanangu, hili jambo jepesi," alimwambia. "Funga nikaha upya. Ikiwa talaka ilipita, umemuoa tena. Ikiwa haikupita, hujapoteza kitu." Na ukisikiliza harakaharaka utaona kuna hekima. Kwetu pwani mambo ya kujihadhari namna hii watu huyafanya. Baba yangu alikwisha fariki, walii wangu ni kaka yangu aliyeko Tanga, basi akapigiwa simu ampe Ustadhi uwakili wa kuozesha. Kaka alicheka. "Huyo bado anamtaka dada yangu hivyo? Haya, muozesheni." Madereva wawili wakawa mashahidi, tukanywa kahawa, tukala haluwa, mahari yangu ikawa chupa ya manukato.

Wiki nzima nilikuwa na mume. Anaimba bafuni, ananiita mwanamke mzito. Halafu jioni moja akakaa ukingoni mwa kitanda akajifuta uso.

Tukafunga tena. Safari hii kaka hakucheka. Mwezi haukupita vizuri tukafunga tena, na kaka akasema kwa sauti niliyoisikia mimi niliyekuwa upande wa pili wa mbao: "Shemeji, dada yangu si leso ya kufuliwa kila Ijumaa. Hii ndiyo ya mwisho. Wallahi, ukija tena kuniomba sitamwozesha kwako." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, Ustadhi alimaliza haluwa yake, akachukua kofia ya ulinzi akaenda zamu.

Kilichotufikisha kwa daktari ni mzunguko wa barabara. Siku moja aliingia kwenye ule mzunguko na basi limejaa mafundi, likamjia wazo kwamba ndani ya kichwa chake amelitamka lile neno, na kwamba akitoka kwenye mzunguko litakuwa limepita. Basi hakutoka. Akazunguka. Mafundi mwanzo walicheka, kisha wakapiga kelele, kisha, kama alivyonisimulia mwenyewe, wakanyamaza wote kabisa wakamtazama kwenye kioo. Msimamizi akadhani ni macho, akampeleka kwa daktari wa kampuni. Yule daktari alizungumza naye kidogo tu, akamwandikia aende kitengo cha magonjwa ya nafsi.

Aliona aibu. "Watasema nina wazimu."

"Kwani sasa hawasemi?" nilimjibu. "Twende."

Daktari alikuwa mama wa Kisudani, mnene, mpole wa sauti, amejifunga thobe lake la maua. Na mume wangu alizungumza Kiarabu, kwangu akatumia Kiingereza, nami nikamjibu kwa kile changu cha hotelini. Alimsikiliza muda mrefu bila kushangaa hata kidogo, akamwambia kwamba anawajua wengi wa namna yake: wa udhu, wa nia ya sala, wa kufuru, wa talaka. Ugonjwa ni mmoja. Hukamata kile mtu anachokipenda na kukiogopea zaidi. Kisha akanigeukia mimi.

"Akikuuliza, unamjibu?"

"Namjibu."

"Basi unamlisha maradhi."

Nilimwakia. Mimi? Mimi ninayeacha chakula kipoe kwa ajili yake? Mimi niliyeapa mpaka ulimi ukawa mzito? Aliniacha nikasema yote, akanipa karatasi ya kufutia macho. Halafu akanieleza taratibu. Ugonjwa hautaki jibu, unataka kuuliza. Kila jibu linaupoza saa moja, kisha unarudi na njaa kubwa zaidi. Masheikh wanamjibu, Ustadhi anamwozesha, mimi namwapia, na yeye anazidi kuzama. Tiba ni kukaa na shaka bila kuitafutia dawa. Atayatamka yale maneno anayoyaogopa, kidogo kidogo, kisha atakaa na hofu yake mpaka ishuke yenyewe, bila kuuliza mtu, bila kurudia. Kuna imamu anayefanya naye kazi, atatoa hukumu moja, mara moja, halafu mlango wa fatwa umefungwa.

"Dawa ya moto ni moto," mume wangu alisema tulipotoka, akijaribu kutabasamu.

Na sehemu yangu mimi? Akiniuliza kama alisema, nisimwambie hujasema. Nimwambie: "Labda."

Jamani, labda! Umwambie mume wako kwamba labda wewe si mke wake, halafu umsogezee chumvi. Siku ya kwanza nilipolitamka aliushika ubao wa kitanda kwa mikono miwili, shingo imemlowa, ananiangalia kama nimemchoma kisu. "Unasemaje?" Nikasema tena, labda. Nikatoka nikaenda kwenye jiko la wote nikaanza kuosha sufuria zilizo safi. Niliogopa kwa ajili yake, ndiyo. Lakini nitasema na hili lingine. Niliogopa kwa ajili yangu. Mimi shaka ile sikuwa nayo abadan. Sasa kila jioni ulimi wangu mwenyewe unaitamka, na usiku ubavuni mwake najikuta nawaza: kama ni labda, basi mimi hapa nalala na nani?

Sikumwambia daktari. Niliona ni upuuzi, kwa sababu mgonjwa alikuwa yeye.

Na mgonjwa alikuwa anapona, Mungu ni shahidi. Wiki zikapita, swali likapungua. Siku moja asubuhi nimesimama mlangoni, akavuta pumzi akasema, "Nenda." Nikaganda. "Nenda, mwanamke mzito," akasema, na akacheka. Nililia njia nzima hadi hotelini.

Ijumaa moja tulikwenda Wakrah, tukatandika mkeka ufukweni na chupa ya chai. Watu wamejaa, watoto wa wenyewe wanakimbizana, jua linapungua ukali. Alikuwa ananimenyea chungwa. Akaniuliza, bila kunyanyua macho:

"Tumefunga nikaha mara ngapi?"

"Unajua mwenyewe."

"Moja ya nyumbani. Tatu za hapa." Ganda lilikuwa linashuka refu bila kukatika. "Nikaha haifungwi juu ya nikaha. Ikiwa tulifunga upya, basi kulikuwa na kilichofunguka. Tatu."

Kila Mwislamu anajua maana ya tatu. Mke aliyeachwa tatu hawi halali tena kwa mumewe mpaka aolewe na mwanamume mwingine, ndoa ya kweli, waingiliane, kisha yule amwache kwa hiari yake. Nikamwambia hayo ndiyo maradhi yanayosema, amweleze daktari. Akasema atamweleza. Akanipa chungwa, akakunja mkeka vizuri, tukarudi Najma.

Hakumweleza. Miadi ikapita, akasema basi limeharibika. Ikapita nyingine. Swali la jioni nalo halikurudi, na mimi, mjinga, nikafurahi. Kumbe alikuwa na shughuli. Siku moja aliingia akiwa na furaha ya mtu aliyepata kazi, akanikalisha, akanishika mikono. Amepata mtu. Dereva mwenzake, mcha Mungu, mtunza siri. Atanioa kwa usiku mmoja, ataniacha, nitakaa eda, kisha yeye mume wangu atanirudia akiwa na yakini.

Kwetu mtu huyo anaitwa mhalili, na jina lake hutajwa kwa kutema mate.

Nilimtandika kwa kandambili. Sitaki kujitakasa, nilimtandika mabegani, kichwani, popote, hadi Ustadhi akagonga mbao. "Ebo!" nilimfokea mume wangu. "Mimi mbuzi wa kukodishwa? Unanipenda mimi au unaipenda hiyo yakini yako?" Hakujikinga. Alilia tu. "Sitaki tuzini," alisema. "Sitaki uingie motoni kwa ajili yangu." Na jambo la kutisha ni kwamba alikuwa anasema kweli. Angeniingiza kitandani mwa mwanamume mwingine kwa mapenzi aliyokuwa nayo kwangu.

Nikamwambia katu. Nife kwanza.

Kesho yake baada ya Alasiri akaja na Ustadhi na dereva mmoja, wakasimama hapo penye viatu. Yeye akasema, sauti imenyooka, haitetemeki hata kidogo: "Shuhudieni. Huyu mke wangu nimempa talaka moja."

Ustadhi akasema lahaula. Mimi sikusema kitu, mimi mwenye pilipili mdomoni. Wenzake walipotoka alikaa chini akaomba chakula. "Hii nina yakini nayo," aliniambia, kwa upole, kama ananipa habari njema. Akala sahani mbili. Akajinyoosha akalala hapo hapo, jua halijazama, usingizi wa bwana harusi. Sijawahi kuchukia kitu duniani kama nilivyouchukia ule usingizi.

Sheria inamtaka mke wa talaka moja akae eda nyumbani kwa mumewe. Lakini chumba cha mbao chenye kitanda kimoja si nyumba, na kaka kwenye simu alikuwa anafoka: "Maji yakimwagika hayazoleki, toka hapo!" Nikaenda mtaa wa Abu Hamour kwa mwenzangu wa kazi, mwanamke wa Kenya, Mkristo mwenye roho nzuri kuliko jamaa zangu wengi. Alinitandikia godoro, akataka kujua hii eda ni kitu gani.

Nikamweleza. Kwa mwanamke wa umri wangu huhesabiwa kwa damu. Ikionekana ya tatu tangu talaka, eda imekwisha. Kabla ya hapo mume ana haki ya kunirejea kwa neno moja tu, hakuna nikaha, hakuna walii. Baada ya hapo mimi ni mwanamke baki. Akinitaka itabidi aniombe upya kwa kaka yangu, na kaka alikwisha apa.

"Ai! Neno moja tu?" alisema. "Kwani anangoja nini? Si aseme!"

Ule usingizi wake ulidumu siku chache tu. Akaja getini Abu Hamour macho yamezama, ananitaka, hawezi kuishi bila mimi. Lakini je, ile ni talaka moja, au ni ya nne? Na akinirejea, nia yake itakuwa imekamilika? Alikwisha jaribu peke yake ndani ya basi, kwa kuwa sheria haimlazimishi hata kuwa mbele yangu. Anaanza kulitamka neno la kurejea, anaona halikutoka vizuri, anaanza upya, anaanza upya, mpaka hajui tena anasema nini. Nilimwambia arudi kwa daktari. Nilijibanza nyuma ya geti nikalia kwa hasira.

Alirudi, na daktari akaniita na mimi. Yule imamu wake naye alikuwapo, mtu wa maneno machache. Akasema: yale ya nyuma si kitu, zile nikaha za Ustadhi zilikuwa za kuondoa shaka na hazihesabiwi, talaka ni moja, na yale aliyoyatamka ndani ya basi yote ayatupe. Alisema hivyo mara moja. Mume wangu akafungua mdomo kuuliza, imamu akanyanyuka akatoka. Daktari akampa zoezi lililobaki: atalisema neno la kurejea mara moja, kwa sauti, mbele yangu. Halafu atafunga mdomo na kubaki na shaka yake. Hilo ndilo litakalohesabiwa. Akilianza na kulikatisha, si kitu.

Wakaanza kazi. Alifundishwa kusoma Fatiha bila kurudi nyuma hata aya. Alifundishwa kunipigia simu aseme "nimefika kazini" na kukata. Nilikuwa naiona simu inalia mara ya pili, inakatika yenyewe, na najua huko aliko ameng'ata kidole. Daktari aliniambia anafanya vizuri. Lakini daktari alikuwa anahesabu maendeleo, mimi nahesabu mwili wangu. Damu ya kwanza ilikuja. Akaja getini, akasimama, akashindwa. Ikaja ya pili. Akaja tena, akasema "Nime," akasimama, akasema "Nime" tena, na tena, jasho linamdondoka kidevuni, mpaka wapangaji wakachungulia madirishani. Nikaziba masikio nikaingia ndani.

Kuanzia hapo sikuishi. Kila maumivu ya mgongo nakimbilia chooni. Kazini nakunja shuka nasikiliza tumbo langu. Mwanamke huujua mwili wake, na siku ile asubuhi nilijua ni leo au kesho. Tumbo la chini likaanza kuvuta. Mkenya wangu aliona nilivyoshika meza.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," alisema, na hakuwa anatania. "Mimi nampigia." Akampigia hapo hapo, katikati ya mashine. "Shemeji, kama unamtaka bibi yako kuja leo. Kesho ni wa kaka yake."

Alikuja kabla ya Magharibi, na sare ya kazi mwilini. Mkenya alisimama kando yangu amefumbata mikono. Ile njia ilikuwa kimya, hakuna hata gari. Mume wangu akaniangalia usoni. Koo lilimpanda, likashuka.

"Nimekurejea katika ndoa yangu," alisema.

Mara moja. Nililisikia lote, herufi kwa herufi. Midomo ikaanza kumcheza, ikitaka kurudia, akaing'ata kwa meno. Akainama akachukua begi langu. Mkenya alipiga kigelegele mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Ndani ya teksi nililia bila haya, dereva ananitazama kwenye kioo. Mume wangu goti lilikuwa linamruka, viganja amevibana mapajani, lakini hakuuliza. Tukapita kwenye vizuizi vya wachimbaji, tukapita ule mzunguko wa barabara, hakuuliza. Tukaingia Najma, hakuuliza. Niliona fahari kama nimeolewa na mfalme. Ustadhi alitukuta mlangoni akataka kusema neno, nikamkata jicho, akalimeza.

"Nakutilia chai," mume wangu alisema.

Nikaenda chooni. Damu ya tatu ilikuwa imekuja.

Sikushtuka, nilijua inakuja. Niliangalia tu. Na nilipoangalia nikaona kwamba si yote mbichi. Pembeni doa lilikuwa limekauka kidogo, limekuwa jeusi. Basi ilianza lini? Ndani ya teksi? Joto la Doha hukausha upesi, ingeweza kuwa ndani ya teksi. Au pale getini, wakati koo lake linapanda na kushuka? Au kabla, nikiwa bado nimeshika meza ya kukunjia mashuka? Kama ni kabla, hakuwa na mke wa kumrejea. Alisimama pale akamwambia neno lile mwanamke baki. Nikajaribu kukumbuka kila nilichohisi tangu mchana, nikakikumbuka vizuri, nikaanza tena mwanzo. Mtu akagonga mlango, anataka choo. Nilijua daktari angeniambia nini. Nilijua imamu angeniambia nini, tena mara moja tu.

Nikatoka. Alikuwa anamimina chai, vikombe viwili, anaimba chini chini wimbo wa kwao Pangani. Sikumwona hivyo tangu mwaka wetu wa kwanza.

"Ulipolisema lile neno," nikamwuliza, "ilikuwa saa ngapi?"

Alinyamaza kuimba. Akaweka chupa chini taratibu, akaniangalia, na nikaona amenielewa yote bila mimi kueleza. Macho yake yakajaa maji.

"Kunywa chai, mke wangu," alisema.

Nikamwuliza tena.